Agano lilikuja baada ya dhambi, au dunia iliumbwa kwa ajili ya agano?

Mwalimu wa Kisiwani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Naomba msaada wenu kwa jambo linalonisumbua tangu tuanze kusoma kitabu cha Mwanzo kwenye kikundi chetu cha Jumatano hapa Pemba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Chuo cha theolojia sijakanyaga. Nafundisha dini kwa sababu Wakristo hapa tu wachache na padri ana vituo vingi vya kuzungukia, basi anayejua kusoma vizuri hupewa kitabu akaambiwa shika.

Swali langu ni hili: uumbaji na agano vinahusianaje? Wengi wetu tumefundishwa kwa mpangilio mmoja. Mungu aliumba, vitu vikawa vyema. Mtu akaanguka. Ndipo Mungu akaanza kufunga maagano: na Nuhu, na Ibrahimu, na Israeli pale Sinai, na Daudi, mpaka agano jipya katika damu ya Yesu. Ukiufuata mpangilio huo, dunia inakuwa uwanja tu wa kuchezea, na agano linakuwa matengenezo ya kitu kilichoharibika. Na ukisogea hatua moja mbele unafika pabaya: roho zikishaokolewa, bahari na ardhi na ndege havina kazi tena, viteketee tu.

Lakini nikisoma Biblia yenyewe naona mambo hayakai hivyo. Neno agano linatokea mara ya kwanza Mwanzo 6:18, Mungu akisema na Nuhu kabla hata tone la gharika halijaanguka. Kisha sura ya 9, kuanzia aya ya 8 hadi ya 17, aya 10 tu, neno hilo limetajwa mara 7. Na kila nikisoma, wahusika wa agano si Nuhu na wanawe peke yao. Wamo ndege, wanyama wa kufugwa, wanyama wa mwituni, kila chenye uhai kilichotoka safinani. Aya ya 13 inasema upinde ni ishara ya agano kati ya Mungu na nchi. Nchi yenyewe! Kwa nini Mungu afunge agano na kitu ambacho ni uwanja wa kuchezea tu?

Jambo hili si la vitabuni peke yake. Jumatano iliyopita tulikuwa kwenye Mwanzo 8:22, pale Mungu anapoahidi kwamba muda nchi idumupo, majira ya kupanda na mavuno, kaskazi na kusi, mchana na usiku, havitakoma. Mama mmoja wa kikundi ni mkulima wa mwani. Ilikuwa bamvua, siku za maji kutoka sana, amekuja moja kwa moja kutoka pwani, kanga ya chini bado imelowa mpaka magotini, akakaa karibu na mlango. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Mwalimu, hapa pameandikwa havitakoma. Mbona mwani wangu umekoma?" Akafungua fundo la kanga akatoa kipande alichokikata kambani siku ile. Ncha zilikuwa zimegeuka nyeupe. Alipolibana shina kwa vidole viwili likakatika lenyewe, laini. Akasema kamba nyingi ziko hivyo: taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zimebaki zimefungwa, ndani yake hamna kitu, mwani wote umekatika na kupelekwa na maji.

Watu wakamjibu harakaharaka. Mmoja akasema agano ni la roho, mwani ni mambo ya dunia. Mwingine akamwambia azidishe sala. Yule mama hakubisha, akakifunga tena kipande chake kwenye kanga. Mimi sikuridhika hata kidogo, nikaomba swali libaki mezani mpaka Jumatano ijayo.

Basi naomba mnisaidie. Agano ni dawa iliyokuja baada ya ugonjwa, au lilikuwepo ndani ya uumbaji tangu mwanzo? Na ahadi ya Mwanzo 8:22 inamwambia nini mtu ambaye bahari yake imepata joto kupita kiasi?

Mgeni Mwanakwerekwe

Amani kwako, Mwalimu. Mimi niko Unguja kikazi, ila nimelelewa bara katika kanisa la Kipresbiteri, na kwetu swali lako lina jibu la zamani sana.

Katika miaka ya 1640 wachungaji na wanazuoni walikutana Westminster, London, wakaandika ungamo la imani ambalo makanisa yetu yanalishika mpaka leo. Sura ya 7 inahusu agano, na inaanza mbali kuliko dhambi. Inasema umbali kati ya Mungu na kiumbe ni mkubwa kiasi kwamba, ingawa viumbe wenye akili wanawiwa kumtii kwa kuwa ndiye Muumba wao, wasingeweza kamwe kupata heri na thawabu kwake, isipokuwa yeye mwenyewe ashuke kwa hiari. Na kushuka huko amependa kukufanya kwa njia ya agano.

Maana yake, hata kama Adamu asingeanguka, bado kungekuwa na agano. Linaitwa agano la matendo: Adamu aliahidiwa uzima kwa sharti la utii, kama inavyoonekana katika Mwanzo 2:16-17 pale anapokatazwa mti. Alipolivunja, Mungu akaleta agano la neema katika Kristo. Ukitaka andiko la kuonyesha kwamba Adamu alikuwa ndani ya agano, soma Hosea 6:7, na Warumi 5 kuanzia aya ya 12, Paulo anapowaweka Adamu na Kristo kama vichwa wawili wa wanadamu.

Kwa hiyo jibu langu: agano halikuja baada ya dhambi. Lililokuja baada ya dhambi ni agano la neema. Kuhusu mwani, ningesema Mwanzo 8:22 ni ahadi ya utunzaji wa jumla wa dunia. Haimhakikishii mtu mmoja mmoja mavuno yake.

Bibi wa Mkunazini

Mwalimu, hujambo mwanangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na yule mama wa mwani nimemwona kabisa pale mlangoni. Mimi ni mwalimu mstaafu na msomaji wa kanisani hapa Mjini. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Ndugu yetu wa Mwanakwerekwe amesema jambo la maana: agano ni Mungu kushuka kwa hiari yake. Hilo tulishike. Ila mpango wa agano la matendo una shida mbili kwangu. Kwanza, Mwanzo 2 haitaji agano wala haitaji thawabu. Inasema Mungu alipanda bustani, akamweka mtu, akampa kila mti ale isipokuwa mmoja. Hapo ninachokiona kwanza ni ukarimu, mkataba wa kazi sikuuona. Wapo hata wanazuoni wa mapokeo hayohayo ya Kikalvini, ndiyo ya Wapresbiteri, John Murray mmojawapo, waliosema jina "agano la matendo" halifai, kwa sababu neema ilikuwapo Edeni tayari. Pili, na hili ndilo kubwa, mpango huo unamwona Mungu na mtu tu. Ndege hawamo. Nchi haimo. Na wewe umetuonyesha wazi kwamba Nuhu hakuingia kwenye agano peke yake.

Aliyenisaidia mimi kulifikiri jambo hili ni mwanatheolojia Mswisi, Karl Barth. Mwaka 1945, katika sehemu ya kazi yake kubwa inayohusu uumbaji, aliliweka hivi: uumbaji ni msingi wa nje wa agano, na agano ni msingi wa ndani wa uumbaji. La kwanza alilisoma katika Mwanzo 1, la pili katika Mwanzo 2. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona mafumbo matupu. Lakini wewe uko Pemba, utalielewa upesi. Kijana wa kwenu akitaka kuoa, hujenga kwanza. Huweka msingi, husimamisha kuta, huezeka. Ukipita njiani unaona nyumba, arusi huioni. Lakini muulize kwa nini anajenga: ni kwa ajili ya ndoa. Bila nyumba ndoa haina pa kukaa, na bila ndoa nyumba haina sababu. Kwa jicho la kalenda nyumba imetangulia. Moyoni mwa mjenzi ndoa ndiyo iliyotangulia.

Ndivyo Paulo anavyosema katika Waefeso 1:4, kwamba tulichaguliwa katika Kristo kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, na katika Wakolosai 1:16-17, kwamba vitu vyote viliumbwa kwa njia yake na kwa ajili yake. "Kwa ajili yake" hiyo ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Dhambi haikumlazimisha Mungu atunge mpango mpya. Alikuwa ameshanuia kukaa na viumbe wake kabla mbingu hazijawepo, na dunia aliiumba iwe mahali pa kukaa nao. Dhambi ilipoingia, agano lilibidi libebe pia msamaha na damu. Nia ni ileile.

Sasa Mwalimu, nataka ujue kwa nini Barth alikaza hivi, maana hakuwa anacheza na maneno. Mwaka 1934 alikuwa profesa Bonn, Ujerumani. Wakati ule kulikuwa na Wakristo wengi waliosema kwamba damu, taifa na kabila ni utaratibu wa uumbaji, Mungu ndiye aliyeuweka, basi kanisa lina wajibu wa kuufuata, na kiongozi wa taifa ni zawadi ya Muumba. Walimtenga Muumba na Kristo, wakasoma mapenzi ya Muumba kwenye rangi ya ngozi. Mwezi Mei mwaka ule wajumbe wa makanisa ya Kiinjili walikutana Barmen wakatoa tamko, na Barth ndiye aliyeliandika kwa sehemu kubwa. Jambo la kwanza katika tamko lile ni kwamba Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu la kusikilizwa na kutiiwa. Mwaka uliofuata akaondolewa kazini, akarudi Basel. Aliona kwa macho yake kinachotokea uumbaji unapoelezwa bila agano.

Sisi hapa Mkunazini hatuhitaji kwenda Ujerumani kulijua hilo. Kanisa letu limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka uleule. Nikiwapeleka watoto wa kipaimara hufungua nao Mwanzo 9 palepale ndani, kwa sababu sura hiyohiyo ya upinde ina aya nyingine iliyotumiwa vibaya kwa karne nyingi. Aya ya 25, Nuhu alipolevuka, alimlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Kuna Wakristo, tena waliosoma, waliosema hiyo ni laana ya Hamu, na Hamu ni Mwafrika, basi Mwafrika kauzwa kwa mapenzi ya Mungu. Mimi huwaambia watoto: rudini nyuma, msome aya ya 8. "Mungu akamwambia Nuhu, na wanawe pamoja naye." Hamu alikuwa amesimama pale! Aya ya 1, Mungu amewabariki Nuhu na wanawe wote watatu. Aya ya 6, damu ya mtu yeyote italipizwa kwa kuwa mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Agano limeshafungwa, na aliyelifunga ni Mungu. Laana ya aya ya 25 imetoka kinywani mwa mzee aliyeamka na pombe, na hata huyo hakumtaja Hamu. Mtu gani ana nguvu ya kumtoa Hamu katika agano ambalo hata njiwa wamo?

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nawajua watoto wanaosoma historia ile na kunyamaza. Uumbaji peke yake, ukiachiwa wenye nguvu, watausoma watakavyo: huyu kaumbwa kutawala, yule kaumbwa kubeba. Agano ndilo linalosema kiumbe ni nani mbele za Mungu.

Lakini na upande wa pili upo, na hapa Barth na mimi tunaachana kidogo. Ukisema kila kitu kimeumbwa kwa ajili ya agano, ni rahisi kuteleza ukafikiri agano ni letu sisi watu, na vingine vyote ni vyombo vya nyumbani. Biblia haikubali. Ayubu 38:26, Mungu ananyesha mvua katika nchi isiyo na mtu. Zaburi 104, lewiathani, yule mnyama mkubwa wa majini, ameumbwa acheze baharini, hamfanyii mtu kazi yoyote. Yeremia 33, Mungu anapotaka kuwahakikishia watu kwamba hatalivunja agano lake na Daudi, anataja agano lake la mchana na usiku kama jambo ambalo kila mtu anajua halivunjiki. Uaminifu wake kwa Daudi anaupimia uaminifu wake kwa jua na giza. Basi yule aliyemwambia mama kwamba mwani ni mambo ya dunia, mwambieni hivi: dunia ndiyo Mungu aliyoitaja katika Mwanzo 9:13.

Swali lako la pili, la ahadi na joto la bahari, nawaachia wanaolima mwani. Mimi pwani nimeenda kuosha miguu tu.

Mjambiani

Shikamoo Bibi. Mwalimu, salamu nyingi. Nalima mwani pwani ya mashariki Unguja, mama yangu alianza kilimo hiki kilipoingia vijiji vya huku mwishoni mwa miaka ya 1980. Naabudu na Wakatoliki, nikienda Mjini nasali kanisa la Minara Miwili.

Mwani wa huyo mama, kwa maelezo yako, naamini ni ile aina tunayoiita kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei, na ndiyo isiyovumilia joto. Maji ya kina kifupi yakichemka jua la mchana wakati wa kaskazi, huanza kuwa nyeupe nchani, kisha shina linalainika na kukatika. Aina nyingine, spinosamu, inastahimili zaidi ila bei yake ni ya chini sana. Wengine wetu tumehamia maji ya kina zaidi. Huko kuna baridi, lakini kunahitaji mashua na kuogelea, na wanawake wengi hatukufundishwa kuogelea. Kwa hiyo mwambie kwanza kwamba hakukosea kufunga mbegu, wala sala zake hazikupungua.

Sasa kwenye maandiko. Nilikuwa nikisoma Mwanzo 8:22 nikitulia, mpaka siku niliyokutana na Hosea 4. Aya za kwanza 3. Mungu ana mashitaka na wakaao katika nchi, kwa sababu hakuna kweli wala fadhili: kuapa, kusema uongo, kuua, kuiba. Kwa ajili hiyo nchi itaomboleza, wanyama na ndege watadhoofika, hata samaki wa baharini wataondolewa. Na Isaya 24:5 inasema dunia imetiwa unajisi chini ya wanaoikaa, kwa kuwa wamelivunja agano la milele. Wanadamu wakilivunja agano, viumbe ndio wanaoumia kwanza. Manabii hawakuwa na vipimo vya joto, lakini walijua vitu hivi viwili vimeshikana.

Ila jamani, tusiisome Hosea tukamgeuzia yule mama. Aliyepandisha joto la bahari si yeye. Moshi wa viwanda na magari wa nchi za mbali kwa miaka mingi ndio uliofanya hivyo, na anayelipa ni mtu ambaye hana hata baiskeli. Mungu ameahidi kwamba yeye hataiangamiza tena nchi kwa maji. Hakuahidi kwamba atatuzuia sisi tusiiharibu. Ahadi ni yake, na Mwanzo 2:15, kulima na kutunza, ni yetu. Ukichukua ya kwanza ukaiacha ya pili unakuwa kama hukusoma.

Jirani wa Wete

Salaam kwenu nyote. Mimi ni Muislamu, nimeupata mjadala huu kwa rafiki yangu Mwalimu, tunafundisha shule moja. Nitasema kidogo kama jirani, si kwa kushindana.

Kwetu pia ahadi imetangulia. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 172, Mwenyezi Mungu aliwatoa wana wa Adamu migongoni mwao akawashuhudisha: Je, Mimi siye Mola wenu? Wakasema: Ndiye, tumeshuhudia. Na katika Al-Ahzab, aya ya 72, Amana ilitolewa kwa mbingu na ardhi na milima, vikaogopa kuibeba, mwanadamu ndiye aliyeichukua. Sisi tukisikia bahari imeharibika, tunauliza amana imefanywa nini. Najua ninyi mnalijenga kwa Masihi na sisi hatujengi hapo. Lakini yule mama mkimpelekea pole, nami nimo. Mke wangu na yeye wanafunga kamba bamvua moja.

Mwalimu wa Kisiwani

Nimekaa na majibu yenu usiku wote. Ahsanteni sana. Shikamoo Bibi. Jirani, ahsante, tutaonana shuleni.

Hili la Hamu kusimama pale wakati agano linafungwa limenishtua. Nimesoma sura ya 9 tangu utoto na sikuwahi kumwona. Jumatano nitaanzia hapo. Nitamwomba mmoja asome aya ya 8 hadi 17 polepole, na kila anapotajwa mhusika wa agano mwingine aandike ubaoni, ili wote waone orodha inakuwa ndefu kiasi gani.

Halafu nitasoma Hosea 4 na Isaya 24, lakini kabla ya hapo nitasema waziwazi alichosema dada wa Jambiani, kwamba mama hakukosea. Nahofia nisipotanguliza hilo, wataisikia Hosea kama hukumu juu yake, na yeye ndiye pekee aliyethubutu kuuliza.

Limebaki jambo moja. Bibi, umesema nia ya Mungu ni kukaa na viumbe wake. Nikiulizwa mwani unahusu nini na agano jipya la Yesu, niseme nini? Nuhu namwelewa. Msalaba je?

Mgeni Mwanakwerekwe

Mwalimu, kabla Bibi hajajibu. Nimefaidika, hasa na Yeremia 33. Lakini bado nauliza: tukisema neema ilikuwapo tangu Edeni na kila kitu kiko ndani ya nia moja, uzito wa anguko unabaki wapi? Adamu alivunja kitu. Kama halikuwa agano, alivunja nini? Naogopa tusije tukaipaka dhambi rangi nzuri ili tuipendeze dunia.

Bibi wa Mkunazini

Ndugu, hofu yako ni ya haki na usiiache. Jibu langu ni kwamba anguko linazidi kuwa zito. Mfanyakazi akivunja mkataba anapoteza ujira. Mtu akimsaliti aliyemjengea nyumba ili wakae pamoja, hilo ni kubwa zaidi, na ndiyo maana manabii, Hosea wa kwanza, wanaiita dhambi uzinzi. Na kwa kuwa nyumba ilijengwa kwa ajili ya uhusiano ule, ukivunjika na kuta zinapata nyufa: ardhi imelaaniwa kwa ajili ya Adamu, Mwanzo 3:17. Ardhi haikula tunda. Hilo ndilo Paulo analolichukua katika Warumi 8, viumbe vyote vinaugua pamoja, vikingoja.

Mwalimu, kuhusu msalaba. Usiku ule alipotaka kuwapa wanafunzi agano jipya, Bwana hakuwapa neno tupu. Alitwaa mkate na kikombe. Ngano imelimwa, zabibu zimekamuliwa, mvua imenyesha juu yake na jua limeichoma. "Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu." Na mwili alioufufua siku ya tatu ulikuwa mwili, alikula samaki wa kuokwa mbele yao, Luka 24:42-43. Katika karne ya 2 Markioni alifundisha kwamba Mungu aliyeumba dunia ni mwingine, wa chini, na Baba wa Yesu hahusiki na udongo huu. Askofu Irenei wa Lyon akamjibu hasa kwa hilo: kama viumbe si vya Baba yake, Yesu alitwaaje mkate wa mtu mwingine akauita mwili wake? Kanisa likamfuata Irenei.

Basi mwambie mama kwamba Bwana aliyefunga agano jipya alilifunga kwa vitu vinavyoota. Na muulize kama anahitaji watu wa kumsaidia kuhamishia kamba maji ya kina, maana kikundi chenu kina vijana wanaojua kuogelea.

Mjambiani

Kama wapo hao vijana, wasubiri maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, yapite. Bamvua ijayo ndiyo wapigilie mambo, yaani vigingi vya kamba, maji yakiwa yametoka kabisa. Na waanze na kamba chache kwanza waone kotoni inashikaje, wasizihamishe zote siku moja.